Unaikumbuka Wagalla. Je, Wamjua Wanankhucha?



Ndugu yangu, dada yangu, najua ukiona maandishi marefu kidole chako chajua chenyewe pa kwenda. Leo nakuomba usipitishe. Jitilie chai, kaa, usome mpaka mwisho, kisha unikosoe ukitaka.

Nianze na jambo sote twalijua. Kila mwaka ikifika Februari, kurasa zetu zajaa Wagalla. Ile picha ya uwanja wa ndege mkavu huko Wajir. Tarehe 10 Februari 1984, wanajeshi wakawakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, wakawavua nguo, wakawalaza kwenye ule uwanja juani siku kadhaa bila maji. Wengine walipigwa risasi, wengine walichomwa, wengine jua na kiu viliwamaliza. Serikali kwa miaka ikasema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake mwaka 2013 ikasema ni karibu watu elfu moja.

Haya unayajua. Sasa hebu tazama lugha tunayotumia. Kijana wa Kisauni, hajawahi kufika Wajir hata kwa ndoto, mama yake Mdigo, babake ni Mgiriama aliyesilimu, anaandika: "Walituua Wagalla." Walituua! Hakuuliwa yeye, wala babake, wala jirani yake. Mwaka 1984 hata hakuwa amezaliwa. Lakini ile "tu" ndogo imeingia mdomoni mwake na hakuna anayemshangaa. Sisi sote twaelewa anamaanisha nini.

Mimi siikosoi hiyo "tu". Naipenda. Na haikushuka tu hivihivi kutoka juu, ilifanyiwa kazi. Mwanzo kumbukumbu ya Wagalla ilikuwa ya wajane, ndani ya nyumba, kwa sauti ya chini, manake kuisema hadharani wakati ule ilikuwa hatari. Kulikuwa na mama mmoja Mtaliano, Annalena Tonelli, aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu Wajir. Alisaidia kukusanya maiti na majina, habari ikatoka nje, naye akafukuzwa Kenya. Kisha ukoo ukaibeba kumbukumbu ile. Kisha Wasomali wa Kenya wote. Kisha, hasa baada ya Kasarani mwaka 2014, walipokamatwa watu kwa maelfu wakafungiwa uwanja wa mpira, tukasema ah, kumbe ni jambo lilelile, na Waislamu wa Kenya kutoka Lamu mpaka Mumias wakaibeba. Kila hatua kuna mtu aliyeipanua "tu" ikawaingiza wengine.

Swali langu leo ni hili: hiyo "tu" yetu iliishia wapi? Nani yuko ndani na nani tumemwacha nje? Nakuuliza nikiwa Lodwar. Huku ndiko nilikogundua kwamba yangu mimi ilikuwa imeishia karibu sana.

Nimekaa Lodwar mwaka wa tatu sasa, kikazi. (Joto la huku usiniulize. Mtu wa Mombasa niliyedhani najua joto, niliomba msamaha wiki ya kwanza.) Kabla sijaja nilikuwa najua kitu kimoja tu kuhusu Lodwar, na nadhani hata wewe ni hichohicho: Mzee Kenyatta aliwekwa kizuizini hapa. Alihukumiwa Kapenguria mwaka 1953, akafungwa Lokitaung, huko juu kaskazini, mwaka 1959 akaletwa Lodwar, na mwaka 1961 akahamishiwa Maralal. Hiyo ni kumbukumbu ya mateso ya nchi nzima. Twafundishwa darasa la nne, la tano. "Walitufungia baba wa taifa." Unaiona tena ile "tu"?

Sasa jiweke mahali pa mtoto wa Kiturkana aliyekaa darasani akisikiza somo hilo. Katika hadithi ile, kwao ndiko adhabu. Jua la kwao, mchanga wa kwao, ndivyo vilivyomtesa mzee. Wazazi wake hawamo. Ni kama Kenyatta alifungwa mahali pasipo na mtu, akakaa miaka hiyo yote na mawe na ngamia. Taifa limeikumbuka Lodwar kama jela, na wenyeji wa Lodwar likawasahau.

Na wao wana yao. Mwaka 1918 Mwingereza alileta jeshi Turkana, askari wa KAR na wengine kutoka Sudan, wakapiga watu na kuchukua mifugo kwa maelfu mengi. Mfugaji ukimchukulia mifugo umemchukulia chakula, mahari, heshima na kesho yake. Waturkana walikuwa na kiongozi wao wa vita, Ebei, aliyepigana na hao wakoloni. Hebu niambie ukweli, ulishawahi kulisikia hilo jina? Mekatilili twamjua, Koitalel twamjua, alhamdulillahi. Ebei je?

Kisha ikaja sheria ya wilaya maalum ya mwaka 1934, ambayo iliiweka Turkana chini ya masharti yake: ruhusa ya kuingia na kutoka, na serikali ikapewa nguvu ya kuadhibu kundi zima kwa kosa la mtu mmoja. Kuadhibu kundi zima. Hayo maneno si mageni kwako. Ni sheria hiyohiyo iliyowabana Wasomali wa Wajir na Garissa. Fikra iliyowalaza wanaume wa Degodia juani mwaka 1984, kwamba kosa la mmoja ni kosa la ukoo, Waturkana walikuwa wameishi chini yake miaka hamsini kabla. Tuna jeraha moja la kisu kimoja, na hatujawahi kukaa nao tukaambizana.

Hapa nikuambie aibu yangu. Kuna kijana wa Kiturkana aliyesilimu, twaswali naye safu moja. Februari moja baada ya Ijumaa nikawa nawaeleza vijana habari za Wagalla, nikazungumza vizuri kwa kweli, mpaka nikajisikia. Tulipotoka akaniambia kwa adabu kabisa, "Ustadh, Wagalla nimeielewa. Na wewe Lopiar waijua?"

Nikamuuliza, "Lopiar ni mtaa gani?"

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Akanieleza kwamba Waturkana huipa miaka mibaya majina, na Lopiar ni ule ukame wa kati ya mwaka 1979 na 1981. Jina lenyewe ni la kufagia, manake ulifagia. Ukame, magonjwa ya mifugo na uvamizi vilikuja kwa pamoja. Familia zilizokuwa na mamia ya mbuzi zikabaki na fimbo, watu wakajazana kwenye kambi za chakula, na kuna waliobaki hapohapo mpaka leo na watoto wao. Nyanyake yeye alikuwa mmoja. Nikahesabu miaka kichwani: Lopiar ilikwisha miaka mitatu tu kabla ya Wagalla. Nchi ileile, kaskazini ileile, serikali ileile iliyoangalia pembeni. Mimi niliyekuwa nimesimama kuwafundisha watu kumbukumbu nilidhani Lopiar ni mtaa.

Utasikia huku mtu akisafiri kwenda Kitale au Nairobi anaambiwa, "Waenda Kenya?" Utani, lakini si utani. Wajir wanasema hivyohivyo, Marsabit pia. Hiyo nayo ni kumbukumbu, imefupishwa ikawa maneno mawili.

Sasa twende Kakuma. Ni kama kilomita 120 kutoka hapa, barabara ile inayoelekea mpaka wa Sudan Kusini. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya wakimbizi wa Sudan, wengi wao wavulana waliotembea kwa miguu kutoka vitani. Wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi. Kambi za kwetu Pwani kama Utange zilipofungwa, watu wengi waliletwa hapa. Ukijumlisha na makazi ya Kalobeyei ni kama watu laki tatu, kwenye ardhi ya Waturkana ambao wengi wao wenyewe hawajashiba. Mwanamke wa Kiturkana anauza kuni kwa mkimbizi apate sehemu ya unga wa mgao. Na mwaka 2025 mgao ulipokatwa vibaya, walioumia si wakimbizi peke yao, na yule muuza kuni pia. Hili lingehitaji makala yake.

Ukizunguka Kakuma utaona kila watu na kumbukumbu yao. Hapa wanaadhimisha siku yao, pale wanalia siku yao. Lakini wapo watu ambao kisa chao kilinigonga kuliko vyote, na sababu ni kwamba sisi tumo ndani yake. Na hatukuingia upande tuliozoea.

Mwaka 2002 mabasi yalitoka Dadaab, yakavuka nchi, yakaleta Kakuma watu kama elfu kumi na mbili. Hawa wana majina mengi: Wagosha, Mushunguli, Wazigula. "Wabantu wa Somalia" ni jina lililoenea miaka ya 1990 kupitia mashirika ya misaada. Walikuwa wakulima wa bonde la mto Juba, wengi wao Waislamu. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991, wanamgambo wa kila upande waliwapora, kwa sababu walikuwa na chakula na hawakuwa na bunduki wala ukoo mkubwa wa kuwalipia kisasi. Wakakimbilia Dadaab, na huko nako wakaonewa. Marekani ilikubali kuwapokea, wakaletwa Kakuma kuhojiwa mahali penye usalama zaidi, na kuanzia mwaka 2003 wakaanza kuondoka. Wapo sasa Lewiston, Maine, na miji mingine mingi ya Marekani. Wengine walibaki hapahapa.

Mara ya kwanza niliyokaa na familia moja yao, wazee wawili walikuwa wakiongea wao kwa wao na mimi nikawa nadaka maneno. Si Kisomali. Nikasikia "mwana", nikasikia "nyumba", nikasikia kitu kama Kiswahili kilichopitia njia nyingine. Ilikuwa Kizigula. Lugha ya Handeni, mkoa wa Tanga! Wamekuwa Somalia zaidi ya miaka mia na hamsini, na lugha wameishika.

Wamefikaje Juba? Ndiyo habari yenyewe. Miaka ya 1830 kulikuwa na njaa kubwa Uzigula. Kwa jinsi wazee wao wanavyosimulia, walidanganywa. Waliambiwa ng'ambo kuna kazi na chakula, wakapanda majahazi, na waliposhuka pwani ya Benadir, kwenye bandari kama Barawa na Merka, wakajikuta wameuzwa. Wakalimishwa mashamba ya wengine kando ya mto Shebelle. Wengine kama wao waliletwa kutoka mbali zaidi, Wayao, Wamakua, Wanyasa. (Si kila Mbantu wa Somalia alitoka utumwani, wapo wakulima wa kale wa mtoni ambao hawakuletwa na mtu. Lakini katika dharau wote waliwekwa kapu moja.) Kisha kundi la Wazigula likatoroka, likiongozwa na mwanamke, Wanankhucha, mwenye kuona mambo. Alitaka kuwarudisha nyumbani. Hawakufika nyumbani, walifika kwenye msitu wa Juba, wakaufyeka, wakajenga vijiji vyao huru. Gosha maana yake ni msitu. Huyo ndiye Wanankhucha, na jina lake bado linatajwa.

Unaona nguvu ya kumbukumbu hapo? Hawakuwa na shule wala kitabu. Walikuwa na jina la mwanamke, jina la mahali walikotoka, na lugha. Kwa hivyo vitatu wakabaki watu. Vita vilipowafukuza, baadhi yao hawakwenda Dadaab, walipanda vyombo wakashuka pwani mpaka Tanga, wakasema, sisi ni wa hapa, tulichukuliwa. Wazigua wa Handeni wakawasikia wakiongea na wakaelewana nao. Tanzania iliwapa makazi Chogo, hukohuko Handeni, na baadaye wengi wao wakapewa uraia. Subhanallah. Zaidi ya karne moja na nusu, na mlango ukafunguliwa kwa lugha.

Sasa lile gumu. Waliowauza walikuwa wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili. Waliowanunua walikuwa Wasomali na Waarabu wa Benadir. Walikuwa Waislamu, wanaswali, wanafunga. Na mambo hayakuisha utumwa ulipokwisha, manake jina lilibaki. "Adoon", mtumwa. Mzee mmoja Kakuma aliniambia watoto wake waliitwa hivyo kwenye foleni ya maji, kambini, na watoto wa wakimbizi wenzao, Waislamu wenzao, ambao nao wamekimbia vita vilevile. Maji yenyewe ya msaada.

Najua baadhi yenu mshaanza kuandika jibu. Nimeyasikia yote, wacha niyapitie.

Wa kwanza atasema, habari za utumwa ni za Wazungu, walizitumia kuingia na kututawala. Ni kweli walizitumia. Na Mtaliano huyohuyo, alipopata mashamba ya ndizi na pamba kule Juba na Shebelle, aliwachukua Wagosha hawahawa akawafanyisha kazi kwa nguvu. Unafiki wa wakoloni hauhitaji kutetewa. Lakini mtu akitumia ukweli vibaya, ukweli haugeuki uongo. Yule mzee wa foleni ya maji hakusimuliwa utumwa na Mwingereza, alisimuliwa na nyanyake.

Wa pili atasema Uislamu hauna kosa, ni watu. Nakubaliana na wewe mia kwa mia, na Wagosha wenyewe wameshalijibu kwa vitendo: wengi wao waliingia dini kupitia masheikh wa tarika za Kisufi waliofika vijijini mwao na kuwafundisha kama watu huru. Waliipenda dini huku wakijua vizuri waliowauza ni kina nani. Walitenganisha mambo mawili ambayo sisi twaogopa hata kuyatazama.

Na wa tatu ndiye ananisumbua zaidi, kwa sababu anaongea kwa upole. Anasema, ndugu, unafukua makaburi, hii ni fitna, umma umoja, tusahau tusonge mbele. Hebu kumbuka, nani alikuwa akiwaambia hivyo watu wa Wajir? Miaka yote ile, kila walipotaka kuisema Wagalla, jibu lilikuwa umoja wa taifa, msifukue yaliyopita. Sisi tukasema hapana, hakuna umoja juu ya kaburi lisilotajwa. Tukataka ripoti, tukataka msamaha. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta akasimama bungeni akaomba msamaha kwa maovu ya serikali zilizopita, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni kumi, na wenye haki zao bado tunawasikia wakiulizia. Sasa hoja tuliyoikataa ilipotoka serikalini tutaitumia vipi kwa ndugu zetu?

Wajua kuna siku Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alimsikia Abu Dharr amemtukana mtu kwa sababu ya mama yake. Abu Dharr! Sahaba mkubwa, mtu wa mwanzo katika Uislamu. Akamwambia kwamba bado ana ujahili ndani yake. Hakumwambia yapishe, tusije tukaleta fitna. Na twaambiwa Abu Dharr baada ya hapo alikuwa akimvisha mtumishi wake nguo sawa na zake. Kosa lilitajwa, mtu akabadilika, na kisa chenyewe hakikufichwa, kiko kwenye vitabu vya hadithi mpaka leo. Waliotangulia hawakuogopa kutuhifadhia kosa la mtu mkubwa.

Nyongeza moja tu ya dini kisha nikuachilie. Ashura. Kila mwaka wengi wetu twafunga tarehe kumi Muharram. Waijua sababu? Mtume alipofika Madina aliwakuta Mayahudi wamefunga siku hiyo kwa kuwa Mwenyezi Mungu alimwokoa Musa na watu wake kutoka kwa Firauni. Yalikuwa mateso ya Bani Israil, utumwa wao, kuokoka kwao. Mtume angeweza kusema hiyo ni yao. Alisema sisi tuna haki zaidi kwa Musa, akafunga, akaamrisha watu wafunge. Yaani tangu mwanzo, ndani ya ibada zetu, tumefundishwa kubeba kumbukumbu ya utumwa wa watu wengine mpaka iwe yetu, tena kwa tumbo, kwa njaa. Kijana wa Kisauni aliyesema "walituua Wagalla" alifanya hivyohivyo bila kujua. Imebaki ile upande wa pili: kuweza kusema pia "tuliwauza". "Tu" ileile. Huwezi kuitumia unapopigwa, ukaikana unapokuwa wewe mwenye fimbo.

Na sisemi kwamba wewe, kijana wa miaka ishirini, una dhambi ya mfanyabiashara wa mwaka 1836. Hapana. Yule wa Kisauni pia hakupigwa risasi Wagalla. Kama twaweza kurithi jeraha ambalo hatukulipata, na jina la anayewauza watu pia laweza kutufikia mlangoni, tulipokee kwa adabu.

Basi nakuomba nini? Kwanza, hilo neno. "Adoon", na lile letu la pwani, kumwita mtu "mtwana" au "mshenzi". Ukilisikia barazani, kwenye gari, kwenye harusi ya kwenu, usicheke. Sema kitu. Najua ni ngumu, na mimi nimewahi kucheka.

Pili, nenda kwa mkubwa wa nyumba yenu, nyanya, babu, shangazi, ukamuulize: katika ukoo wetu kuna waliouzwa? Kuna waliouza? Pwani nyumba nyingi zina vyote viwili chini ya paa moja, na jibu la kwanza litakuwa ukimya. Kaa na huo ukimya, rudi kesho.

Tatu, ni la wale walio Nairobi, Mombasa, Garissa, wenye sauti na kurasa zenye wafuasi wengi. Februari inayokuja, ukiposti Wagalla, mtafute Mturkana mmoja akueleze Lopiar na 1918, uweke na hiyo. Ashura inayokuja, kwenye darasa la vijana, mtajieni Wanankhucha. Na hapa Turkana tunajaribu kuanza jambo dogo: kurekodi wazee wa Kakuma kwa simu, kwa lugha zao, Kizigula kikiwemo, kabla hawajaondoka duniani au kwenda ng'ambo. Hatuna pesa, tuna simu tatu na mmoja ana taa nzuri. Anayekijua Kizigula aseme kwenye maoni hapo chini, twahitaji wa kutafsiri.

Nikimaliza mazungumzo na yule mzee wa foleni ya maji, nilimshukuru, nikasimama niende zangu. Akaniuliza kwao ni wapi, nikamwambia Mombasa. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, wala si kwa hasira, "Na nyinyi huko pwani, watoto wenu mwawaambia nini kuhusu sisi?"

Nilimwambia gari langu linaniacha. Sikuwa na gari, nilikuwa nimekuja na bodaboda, na ilikuwa bado inaningoja pale nje.

Wassalamu alaikum.